Kufundisha Mfumo wa Jua Ufukweni: Fimbo, Nazi na Maji ya Bamvua

Picha ya mfumo wa jua iliyomo katika vitabu vingi vya shule ya msingi huweka jua pembeni mwa ukurasa, kisha hupanga sayari nane mbele yake kama wanafunzi waliopanga mstari asubuhi, zikiwa na nafasi zinazolingana na ukubwa usiopishana sana. Picha hiyo ina faida yake, kwa sababu mtoto huyashika majina kwa utaratibu: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Zaidi ya utaratibu huo, hata hivyo, hakuna kipimo ndani yake cha kutegemewa, na mwanafunzi anayeikariri hubaki akiamini kwamba Mirihi iko jirani tu, na kwamba Mwezi hupungua kwa sababu Dunia imeufunika kwa kivuli chake.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu au mzazi wa Bagamoyo ambaye hana darubini, lakini ana ufukwe mpana, jua la mwaka mzima na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kazi zilizoelezwa hapa nimezifanya na wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Baadhi zilifaulu mara ya kwanza, nyingine zilitushinda ndipo zikakaa sawa. Si lazima zifuatwe kwa mpangilio huu, ila kazi ya fimbo ianze mapema, maana inahitaji miezi.

Fimbo na kivuli chake

Chagua mahali palipo wazi, pasipofikiwa na kivuli cha mnazi wala cha paa kati ya saa tano na saa nane mchana. Simamisha fimbo iliyonyooka, ambayo sehemu yake iliyo juu ya ardhi ina urefu wa mita moja kamili, kisha uhakikishe kwa timazi ya fundi mwashi kwamba imesimama wima kutoka kila upande. Asiye na timazi afunge jiwe kwenye uzi na auning'inize kando ya fimbo. Ardhi iliyo chini nayo iwe sawa, kwa kuwa mteremko usioonekana kwa macho unatosha kukirefusha au kukifupisha kivuli. Sakafu ya saruji iliyopimwa kwa pima maji ni bora kuliko mchanga. Wanafunzi waonywe tangu siku ya kwanza kwamba kinachotazamwa ni kivuli, si jua lenyewe. Jua lisitazamwe moja kwa moja hata kwa dakika moja, na miwani ya kawaida ya jua haimkingi mtu.

Kuanzia saa sita kasoro dakika kumi, mwanafunzi mmoja aweke alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, hadi saa saba kamili. Alama hizo zitaonyesha kivuli kikifupika kisha kikirefuka tena, na ile iliyo karibu zaidi na fimbo ndiyo ya adhuhuri ya kweli ya mahali hapo. Mstari unaotoka kwenye shina la fimbo hadi alama hiyo ndio mstari halisi wa kaskazini na kusini. Hapo huja mshangao wa kwanza, kwa kuwa kivuli kifupi kabisa hakitokei saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Bagamoyo iko karibu na nyuzi 38.9, Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika nne, na kwa hiyo jua hutufikia juu kabisa dakika 24 hivi baada ya saa ya ukutani kutimiza saa sita. Kiasi hicho nacho hubadilika. Katikati ya Februari jua hupinduka kama saa sita na dakika 38, na mwanzoni mwa Novemba kama saa sita na dakika 8, kwa sababu njia ya Dunia kulizunguka jua ni duaradufu, si duara kamili, na mhimili wake umeinama. Wanafunzi wengi wa hapa wana ushahidi wa jambo hili nyumbani bila kujua, kwani ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini huisogeza adhuhuri mbele na nyuma kwa takriban nusu saa katika mwaka. Nimeona kwamba kumwomba mmoja wao alete ratiba hiyo darasani huokoa maelezo mengi.

Kipimo cha kivuli kifupi kabisa kiandikwe mara moja kila wiki, pamoja na upande kilikoelekea. Tarehe 21 Juni fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 57 hivi kinachoelekea kusini, maana jua liko upande wa kaskazini yetu. Tarehe 21 Desemba kivuli huwa cha sentimita 31 hivi, safari hii kikielekea kaskazini. Kati ya tarehe hizo ziko siku mbili, karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 9 Oktoba, ambazo jua huwa utosini kabisa na fimbo huonekana kana kwamba imenyang'anywa kivuli chake. Siku hizo mwanga hufika hadi kwenye maji ya kisima kirefu, na mtoto aliyeinama kuchungulia hukuta jua liko chini yake. Mwalimu anayeweza kufanya kazi moja tu ya falaki katika mwaka mzima aichague hii, na aifanye katika mojawapo ya siku hizo mbili.

Anayeweza kusubiri kuanzia Juni hadi Desemba atapata tunda kubwa zaidi. Mwanafunzi achore kwenye daftari pembetatu mraba yenye mstari wa wima wa sentimita 10, unaowakilisha fimbo, na mstari wa mlalo wa sentimita 5.7, unaowakilisha kivuli cha Juni. Kisha apime kwa kipimapembe pembe iliyo juu, kwenye ncha ya fimbo. Atapata karibu nyuzi 30. Akifanya vivyo hivyo kwa kivuli cha Desemba, mstari wa mlalo ukiwa wa sentimita 3.1, atapata karibu nyuzi 17. Ajumlishe pembe hizo mbili na kugawa kwa mbili: jibu ni nyuzi 23 na nusu, na huo ndio mwinamo wa mhimili wa Dunia. Sasa atoe ndogo kwenye kubwa na kugawa kwa mbili: jibu ni nyuzi 6 na nusu, ambazo ni umbali wa Bagamoyo kusini mwa ikweta kwa kipimo cha latitudo, tofauti na ramani kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa fimbo na chaki, ameupima mwinamo wa sayari nzima na kujua aliposimama juu yake.

Hapa pana kosa moja la kulikwepa. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, ikiwa umbali wa kilomita milioni 147, na hulitoka zaidi mwanzoni mwa Julai, ikiwa umbali wa kilomita milioni 152. Kwa kuwa Januari na Februari ni miezi ya joto hapa pwani na Julai ni mwezi wa baridi kidogo, mwanafunzi mwerevu atakimbilia kusema kwamba ukaribu ndio sababu ya joto, na hesabu yake itaonekana kukubali. Mwulize kwa nini Januari hiyohiyo watu wa Uingereza wanatetemeka kwa baridi. Kinacholeta misimu ni mwinamo: upande wa Dunia ulioelemea jua hupata miale iliyonyooka na mchana mrefu zaidi. Kwetu, tulio karibu na ikweta, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hutofautiana kwa dakika 45 hivi tu, na kwa sababu hiyo iliwezekana kuhesabu saa moja tangu kuchomoza kwa jua bila hesabu kuharibika mwaka mzima. Pwani yetu huujua mwinamo huo zaidi kwa upepo kuliko kwa joto. Jua likiwa kaskazini, bara la Asia hupata moto, hewa yake hupanda, na kusi huvuma kutoka kusini kwenda kujaza nafasi. Jua likihamia kusini, kaskazi hurudi. Majahazi yaliyokuwa yakitia nanga hapa yalisafiri kwa kufuata mwinamo wa nyuzi 23 na nusu, hata kama manahodha hawakuuita hivyo.

Nazi, ulezi na kamba ya mita 15

Kazi ya pili ni kuujenga mfumo wa jua mchangani kwa kipimo kimoja, yaani ukubwa wa sayari na umbali kati yake vipunguzwe kwa kiasi kilekile. Kipimo kinachofaa ni cha moja kwa bilioni kumi, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi: kila kilomita milioni moja huwa sentimita 10. Jua, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.39, huwa na kipenyo cha sentimita 14, na kitu cha ukubwa huo kipo kila jikoni kwetu, nacho ni nazi kubwa iliyofuliwa. Dunia huwa na kipenyo cha milimita 1.3, ambao ni ukubwa wa punje ya ulezi. Zuhura ni punje nyingine ya ulezi, ndogo kidogo sana kuliko ya kwanza. Mirihi ni nusu ya punje hiyo, Zebaki ni chembe ya mchanga. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni gololi ndogo yenye upana wa sentimita 1.4, Zohali ni dengu kubwa iliyolowekwa majini usiku kucha hadi ikavimba, Uranusi na Neptuni ni punje mbili za choroko. Kila punje igandishwe kwa gundi katikati ya kipande cha boksi na jina liandikwe chini yake kwa herufi kubwa. Tulipojaribu kuziweka mchangani bila boksi, Dunia ilipeperushwa na upepo kabla ya Mirihi kufikishwa mahali pake, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuitafuta.

Kwa umbali, kata kamba ya katani yenye urefu wa mita 15. Katani ni bora kuliko nailoni, kwa kuwa nailoni hunyumbuka ikivutwa. Urefu huo ni umbali wa Dunia kutoka kwenye jua, ambao kwa kweli ni kilomita milioni 150. Zebaki huwekwa mita 5.8 kutoka kwenye nazi, Zuhura mita 10.8, Dunia mwisho wa kamba, na Mirihi mita 23 hivi, yaani kamba moja na nusu. Hadi hapo wanafunzi wote bado wanaweza kusikilizana kwa sauti ya kawaida. Mshtarii, hata hivyo, uko kamba tano na mita tatu kutoka kwenye jua, sawa na mita 78. Zohali iko mita 143, Uranusi mita 287, na Neptuni mita 450, ambazo ni kamba 30 kamili. Mwanafunzi aliyeshika boksi la Neptuni huonekana kama nukta, na anayetaka kumwita hana budi kumpungia shati. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 1846, nayo hutumia takriban miaka 165 kulizunguka jua mara moja, kwa hiyo mzunguko wake wa kwanza tangu igunduliwe ulikamilika mwaka 2011. Pluto haihitaji boksi lake, kwa kuwa tangu 2006 imewekwa katika kundi la sayari kibete. Mtoto akiililia, mpe chembe ya mchanga na umruhusu aendelee kutembea.

Siku ya kufanya kazi hii ichaguliwe kwa kuangalia maji. Kwa pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na ndipo mchanga mgumu, uliosawazika, unapopatikana kwa mamia ya mita. Mara ya kwanza sikujali jambo hilo. Tulianza karibu na saa sita, jua letu tukaliweka chini karibu na maji kwa kuwa hapo mchanga ulikuwa mzuri, na tulipokuwa bado tunapima kamba za Zohali nikasikia kelele nyuma yangu: maji yalikuwa yameifikia nazi na kuiinua, na watoto wa kundi la Zebaki walikuwa wanalifukuza jua lililokuwa likielea kuelekea kwenye ngalawa. Tangu hapo huwauliza wavuvi kwanza.

Mfumo ukishakaa sawa, pana mambo mawili ambayo hayafai kukosa. La kwanza, mwanafunzi asimame penye punje ya Dunia, afumbe jicho moja, anyooshe mkono na kuitazama nazi kwa kuipimia ncha ya kidole kidogo. Nazi hiyo, kutoka mita 15, inaonekana kwa ukubwa uleule ambao jua la kweli linaonekana angani, takriban nusu ya nyuzi moja, na kidole kidogo huifunika yote na kubaki na nafasi. Hakuna kipimo cha ubao kinachomthibitishia mtoto usahihi wa kazi yake kama hicho. Mwezi nao uwekwe kando ya Dunia: ni chembe isiyofika nusu milimita, iliyo sentimita 3.8 tu kutoka kwenye punje ya ulezi. Umbali huo wa upana wa vidole viwili ndio mrefu kuliko wote uliowahi kusafiriwa na binadamu.

La pili ni mwendo wa mwanga. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, ambazo katika kipimo chetu ni sentimita tatu. Tulichukua gamba la konokono wa baharini, mwanafunzi mmoja akawa analisogeza kando ya kamba sentimita tatu kila mwenzake alipohesabu sekunde, kuanzia kwenye nazi. Walipoanza walicheka, baada ya dakika mbili walichoka, wengine wakakaa chini. Gamba lilifika kwenye Dunia baada ya dakika nane na sekunde ishirini, na mmoja wao akauliza kama jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita. Ndilo. Kama tungeliendelea kulisogeza gamba hilo hadi Neptuni tungelihitaji saa nne na dakika kumi, na maji yangelitukuta njiani. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, katika kipimo hikihiki ingelikuwa kitu cha ukubwa wa kete ya bao, iliyowekwa kilomita 4,000 kutoka Bagamoyo, yaani huko Misri, karibu na Cairo.

Chungwa dhidi ya jua la asubuhi

Sura za Mwezi hufundishwa vizuri zaidi saa moja au saa mbili asubuhi, jua likiwa chini upande wa baharini. Chomeka chungwa kwenye kijiti, mwanafunzi alishike kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya usawa wa macho, akiwa ameelekea upande wa jua bila kulikazia macho. Upande wa chungwa anaouona uko gizani: huo ni mwezi usioonekana. Ajigeuze polepole kuelekea kushoto, mwili mzima, macho yakibaki kwenye chungwa, na ataona ukingo mwembamba wa mwanga, kisha nusu, na atakapokuwa amelipa jua mgongo ataona chungwa lote limeangazwa, kama mwezi mpevu. Akiendelea, mwanga utapungua kutoka upande wa pili. Mwanafunzi huona mwenyewe kwamba muda wote nusu ya chungwa ilikuwa na mwanga, na kilichobadilika ni sehemu ya nusu hiyo iliyomwelekea yeye. Mzunguko huo angani huchukua siku 29 na nusu.

Kivuli cha Dunia huingia mara moja tu katika zoezi hili. Mwanafunzi aliyelipa jua mgongo ashushe chungwa hadi liingie katika kivuli cha kichwa chake, na hapo ameupata mwezi uliopatwa. Jambo hilo halitokei kila mwezi, kwa sababu njia ya Mwezi imeinama nyuzi tano hivi kuliko njia ya Dunia, na mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 haukupita pembeni: kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne usiku ulikuwa mzima ndani ya kivuli, mwekundu kama shaba. Kwa upande wa jua, waliokuwa Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016 waliliona likibaki kama pete, na sisi huku pwani tuliliona likiwa limemegwa tu.

Vitabu vilivyotungwa kaskazini huchora mwezi mwandamo umesimama kama mabano. Hapa, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala chali, pembe juu, kama ngalawa, kwa sababu njia ya jua na Mwezi angani kwetu hushuka karibu wima hadi upeo wa macho. Mwanafunzi achore anachokiona. Mwandamo autafute magharibi, juu ya minazi, mara baada ya magharibi. Mwezi mpevu autafute upande wa pili, ukitoka baharini wakati uleule jua linapotua. Kila siku Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50.

Maji

Dakika hizo 50 ndizo zilezile ambazo maji huchelewa kujaa kila siku, na mtoto wa mvuvi huzijua kabla ya kuijua hesabu. Kwa siku 15 mfululizo, wanafunzi waandike saa ya maji kujaa, wapime kutoka kwenye jiwe lisilohama umbali ambao maji yalifika, na kando ya kila kipimo wachore Mwezi wa siku hiyo. Wataona bamvua ikija na mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yakija na nusu mwezi. Mvutano wa Mwezi huivuta kwa nguvu zaidi bahari iliyo upande wake kuliko Dunia yenyewe, na huivuta kwa nguvu ndogo zaidi bahari iliyo upande wa nyuma, na kwa hiyo maji huvimba pande zote mbili. Jua nalo hufanya hivyo, ingawa nguvu yake haifiki nusu ya ile ya Mwezi. Vikiwa katika mstari mmoja husaidiana, vikiwa katika pembe mraba hupunguziana.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini mwalimu atakayeishia hapo ataumbuliwa na daftari za wanafunzi wake. Kwa picha ya kitabu, siku ya mwezi mpevu maji yangepaswa kujaa saa sita usiku, Mwezi ukiwa utosini. Bagamoyo siku hiyo hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri. Sababu ni kwamba bahari ina kina chake na imezuiwa na mabara, na uvimbe ule wa maji hauwezi kukimbia pamoja na Mwezi. Hutembea kama wimbi refu linalofika kila pwani kwa wakati wake. Nadhani ni heri kuwaambia watoto jambo hili kuliko kuwaacha wadhani kwamba wamekosea kupima.

Kuzitambua sayari usiku

Sayari tano huonekana kwa macho matupu, na hapa kwetu hupita juu sana angani, katika ukanda uleule wanamopita jua na Mwezi. Nyota humetameta, sayari hutulia. Zuhura ndiyo rahisi kuliko zote, iwe nyota ya jioni au nyota ya alfajiri. Kwa kuwa mzunguko wake uko ndani ya wetu, haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, ambazo ni kama ngumi tano zilizopangwa kwa mkono ulionyooka, na kwa sababu hiyo haionekani kamwe usiku wa manane. Mwanafunzi aliyelijenga jua la nazi anaweza kulithibitisha hilo kwa kusimama penye Dunia na kuitafuta Zuhura. Mwenye kupata darubini ndogo ya mkononi aielekeze kwa Mshtarii, akiiegemeza mikono yake ukutani, na ataona kando yake vidoa vya mwanga vilivyopangika mstari, hadi vinne: ni miezi ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, na kesho yake jioni itakuwa imebadilisha nafasi.

Mirihi yataka subira zaidi. Itafute kwa rangi yake ya chungwa, kisha chora kwenye karatasi nyota tatu au nne zinazoizunguka na uiwekee alama. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kama iko karibu, ni kiegemeo kizuri, kwa kuwa kila mtu huitambua. Rudi na karatasi hiyohiyo baada ya wiki moja, simama mahali palepale, na weka alama nyingine, na baada ya wiki nyingine nyingine tena. Nyota zitakuwa pale ulipozichora, Mirihi itakuwa imesogea, na katika miezi fulani alama zako zitageuka na kurudi nyuma. Hapo mchukue mwanafunzi tena kwenye kamba, mwache aliyeshika Dunia ampite aliyeshika Mirihi, na aeleze alimwona mwenzake huyo akienda upande gani.